Injinia Aliyeleta Jembe

Wazee wa baraza letu la mji pale Njombe hawakuwahi kuajiri injinia maisha yao yote. Walichowahi kufanya, tena mara nyingi, ni kuchagua wakwe. Basi wakati ule wa Mwingereza, Bwana DC alipowaambia wachague wenyewe injinia wa kupima na kusimamia barabara mpya, kutoka sokoni hadi njia kuu ya Makambako, walifanya kile walichokijua. Mimi nilikuwa karani na mkalimani wao, na siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Nilikuwa na shida yangu pia. Maneno yalikuwa yamezagaa kwamba barabara itapita mtaa wetu wa Ramadhani, na huko ndiko kulikokuwa na jiko la mama. Marehemu baba alilijenga kwa mikono yake, na tangu afariki, mama alishinda humo mchana kutwa. Aliniambia, "Nyumba wabomoe wakitaka. Jiko waniachie."

Wakaja mainjinia wawili, Wazungu wote. Wa kwanza akatandaza michoro mezani, akaanza kueleza habari za mifereji. Mwenyekiti akamkatiza, akaniambia nimuulize mama yake ni nani, na kama katika ukoo wao kuna mwenye kifafa. Nikatafsiri. Ningefanyaje? Yule bwana akawa mwekundu, akakunja michoro yake, akasema hakuja kuchezewa.

"Ana kiburi huyu," mzee mmoja akasema. "Atamtesa mtoto wetu."

Mtoto gani, sijui mpaka leo.

Wa pili, bonge la mtu mwenye soksi ndefu, alipoulizwa hayo hayo akavuta kiti, akakaa vizuri. Mama yake yu hai, anafuga kuku. Kifafa hakuna, ila yuko mjomba mmoja anayezungumza na mbuzi. Wazee wakacheka mpaka wakapangusa machozi, kisha wakashauriana kwa Kibena na kuamua kuwa mbuzi si ugonjwa. Wakamwagiza alete jembe jipya, kama aletavyo kwetu kijana anayeposa. Yeye akadhani ndio utaratibu wa kuomba kazi serikalini. Akaenda dukani Makambako, akarudi nalo limefungwa kwenye karatasi.

Walilipokea kwa mikono miwili. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukanywewa, hata na mzee wa kanisa, aliyedai ni dawa ya kifua. Injinia akaambiwa kuanzia leo yeye ni mkwe wa Njombe nzima. Akashukuru sana, maskini.

Kazi ikaanza. Siku alipofika Ramadhani na vigingi vyake, mstari ulikuja moja kwa moja hadi mlangoni pa jiko. Nilimfuata tu nyuma, kwa sababu karani habishani na ramani. Mama alikuwa ndani anasonga ugali. Alipomwona akajifunika kanga usoni, akageukia ukutani.

"Mwanangu," akasema, "mwambie huyo bwana, mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Na barabara yake vilevile."

Nikatafsiri neno kwa neno. Injinia akarudi nyuma upesi, akavua kofia.

"Nimemkosea adabu?"

"Sana, bwana," nikamjibu.

Akatazama vigingi, akatazama mgongo wa mama, kisha akawaita vibarua waving'oe. Wazee walifurahi kwamba hawakukosea kuchagua. Bwana DC alipouliza kona ile imetoka wapi, injinia alimwambia udongo wa pale ni laini.

Mama hakumtazama usoni hata siku moja. Lakini kila mchana, mpaka kazi ilipokwisha, alinituma nimpelekee ugali na maharage, na ole wangu vikifika vimepoa.

Siku hizi mama amelala karibu na baba, na jiko limeanguka, pameota magugu. Kona ipo. Juzi nilipanda gari kutoka Makambako, na tulipofika pale dereva akasonya, akauliza ni mjinga gani aliyepinda barabara penye tambarare namna hii. Nikamwomba apunguze mwendo, mama yangu anapika.