Kibodi Iliyotolewa Pepo Kasikeu

Ni mimi niliyewaapia wazee wa kanisa letu hapa Kasikeu kwamba Linux, ile programu ya kuendeshea kompyuta, ni ya bure na haisumbui. Nikaiweka kwenye kompyuta ya nyimbo, ile inayomulika maneno ukutani. Jumapili, ibada imepamba moto, sauti ikagoma. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, likaniomba paswadi. Nikaandika. Haikutokea herufi hata moja. Nikagonga kwa hasira, wapi!

"Pasta, kibodi imekufa," nikanong'ona.

"Haijakufa, imefungwa!" akanguruma kwenye maikrofoni. Kina mama wa maombi wakaizunguka kompyuta, wakaiwekea mikono, wakakemea. Mimi mtaalamu nikakemea kuliko wote. Nilikuja kujua baadaye kwamba dirisha lile huificha paswadi makusudi.

"Jaribu sasa, Mutua, kwa imani!"

Nikafungua ukurasa mtupu wa kuandikia, nikapiga paswadi ileile. Herufi zikatoka! Vigelegele vikapasua paa. Kisha kanisa zima, na Pasta mwenyewe, wakageukia ukutani kuusoma muujiza wao:

pastafupishamahubiri