Babu wa Kwenye Sinema

Mimi si mtu wa kuchekacheka, lakini kitabu kile kiliniweza. Mjukuu wangu Tusekile alinisomea chote tukimenya ndizi. Kijana ndevu hana, anaazima koti la babu yake akamchumbie binti wa mwalimu, anaishia kwenye banda la nguruwe. Nilicheka mpaka machozi.

Basi tukasikia sinema yake itaonyeshwa ukumbi wa kanisa, Makandana. Nikawatangazia akina mama wenzangu wa kwaya, "Kaeni karibu yangu. Nitawaambia kipi kizuri, kitabu au sinema."

Taa zikazimwa. Akatokea yule babu. Mama yangu! Pua ile, kofia ile, ni marehemu baba mkwe wangu kabisa! Na sisi tuliolelewa Kinyakyusa, mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Kabla sijafikiri nimeshajifunika kanga, nimegeukia ukuta. Kila nikichungulia, babu yupo. Wenzangu wakicheka, nami nacheka na ukuta.

Mwishoni wakauliza, "Haya Mama Anyisile, kipi kizuri?"

Niseme sijaona? Mimi? Nikasimama. "Kitabu! Hawa watu wa sinema wavivu. Wameruka sehemu tamu kuliko zote, ya banda la nguruwe!"

Tusekile akanivuta mkono. "Bibi, si ndiyo hiyo tuliyoicheka mpaka watu wakaanguka kwenye mabenchi?"

Nyuma yangu mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, "Mama Anyisile, na huko ukutani walikuwa wanaonyesha nini?"