Doti za Zambarau

Mashavu Abdulhamidu alikuwa mtu wa kuaminiwa siri. Tangu afiwe na mumewe alikuwa akiwafunda wari wa Kilindoni, na hapana mama aliyewahi kusikia kutoka kwake yale aliyoyasema bintiye ndani. Ndiyo maana Daktari Swabaha wa chuo kikuu, alipokuja Mafia kutafiti wanawake waliobakwa wakanyamaza, alimchukua yeye awe wa kuzungumza nao.

Walipanga kwa uangalifu. Mbele za watu utafiti uitwe wa afya ya kina mama. Mazungumzo yafanyike kwenye mashamba ya mwani, maji yakitoka, mahali ambapo mwanamume hana shughuli. Jina lisitajwe. Sauti inaswe, na mwenyewe akitaka ifutwe, itafutwa. Ikabaki zawadi ya shukrani, na hapo Mashavu ndiye aliyeshauri khanga. Alizichagua mwenyewe dukani, za zambarau zenye pindo jeupe, zote namna moja, asije mtu akasema mwenzake kapewa nzuri zaidi. Alirudi nyumbani amefurahi.

Kisiwani Bwejuu, Zuena alisema yake huku akifunga mwani kambani, bila kuinua uso. Mumewe, Pazi, alikuwa dago kisiwani Shungimbili, kambini na wavuvi wenzake. Aliyemwingilia kwa nguvu alikuwa Muhidini, kaka yake Pazi, ambaye ndiye aliyeachiwa nyumba aiangalie.

"Da Mashavu, hili likitoka nitakayeachwa ni mimi. Yeye atakwenda baharini kama kawaida, na wanangu watabaki kwao."

"Halitoki, mwanangu."

Mwezi uliofuata Mashavu alirudi Bwejuu kumaliza kazi. Hata hajakung'uta mchanga miguuni, akamwona mwanamke anapita na ndoo, amejifunga zambarau yenye pindo jeupe. Mbele kidogo, mwingine. Na karibu na kisima, Zuena.

"Haya, Da Mashavu!" Kidawa, muuza maandazi, alimpokea kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini. "Sare hii ya harusi ya nani? Wenzetu wamevaa, sisi hatukualikwa, au tunanuka shombo?"

Wanawake wakacheka. Mashavu naye alicheka. Nani pwani hii asiyejua maana ya wanawake kuvaa namna moja? Yeye aliyezaliwa humu, aliyeshona sare za shughuli ngapi, alikwenda akawavisha alama wale aliowaahidi kuwaficha.

Alipogeuka, Muhidini alikuwa amesimama nyuma yake na wavu begani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hata shemeji yangu Zuena anayo hii." Alisema kwa upole, akimtazama usoni. "Na wote walionayo, nasikia, ulikaa nao mwanini. Sasa mke wangu unamwacha kwa nini? Hana afya yeye? Mlikuwa mkiulizana nini?"

Zuena aliacha kamba ya ndoo ikarudi kisimani.

"Si ya maswali hiyo, kaka," Mashavu alijisikia akisema. "Sare ya maulidi. Nyingine zinakuja, kila mwanamke atapata. Wale nilianza nao tu."

"Ya maulidi," Muhidini alirudia, kama anayeonja chumvi. "Haya. Tutaziona."

Nyuma ya mashua zilizopandishwa ufukweni, Mashavu alimpigia simu Daktari Swabaha.

"Zikusanye zote leo hii," Daktari alisema.

"Nikizikusanya nitakuwa nimewaonyesha kwa kidole. Lete nyingine, mama. Za Bwejuu nzima."

"Tunawadanganya watu, Mashavu. Tena kwa maulidi."

"Najua. Nimeshasema, na yule yuko hapa ananitazama. Maulidi tutayasoma kweli."

Siku zote za kungoja hakulala vizuri. Simu ikilia alidhani ni habari ya Zuena. Alijiuliza ni mara ngapi wema wake umewahi kumponza mtu asijue.

Robota la khanga lilipofika Bwejuu, aliyelishusha mashuani akalibeba begani hadi kijijini alikuwa Muhidini. Alilifungua mwenyewe, akahesabu kwa macho, akachomoa doti. "Hii ya mama," alisema. Nyingine akampa mkewe. Kidawa akapiga kigelegele.

Maulidi yalisomwa. Ua mzima ukawa zambarau. Katikati ya wanawake Zuena alijisogeza, akakaa ubavuni mwa Mashavu.

"Pazi anarudi kesho. Ile sauti yangu uliyoinasa, ifute."

Daktari alikuwa ameisikiliza humo humo kinasani, akasema sauti ile ni ya thamani kuliko zote. Alikuwa pia ameahidi kwamba mwenyewe akitaka ifutwe, itafutwa. Mashavu alitoa kinasa sauti chini ya khanga, akambonyezea palepale, Zuena akitazama mpaka kioo kikawa kitupu.

"Haipo tena?"

"Haipo. Wala nakala haikutoka humu."

Zuena aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza taratibu, "Na wewe? Wewe bado unajua."

Mashavu alikirudisha kinasa sauti chini ya khanga. Upande wa pili wa ua, penye wanaume, Muhidini alikuwa akipitisha marashi, akimnyunyizia kila mtu viganjani. Alipofika mwisho wa safu aliinua macho kuwatazama wanawake, akiwapitia mmoja mmoja. Wote walikuwa sawasawa. Mkono wa Zuena ukaushika wa Mashavu chini ya zambarau, ukaubana, na haukuachia mpaka yule mtu alipogeuka.