Chupa ya Pili ya Mama Advera

Jambo la kwanza nililoliona kwa muuguzi Zamda Sabiri ni pua yake. Kila chupa ya chai iliyoletwa wodi ya wazazi aliifungua, akainusa, kisha akamtaka aliyeileta anywe kwanza. Hakuna aliyenuna. Huku Tabora mwenye nyumba huonja kabla ya mgeni, kuondoa sumu.

Zamda ni mzaliwa wa mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, binti wa fundi cherehani, na ukunga ameufanya miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, nikimsaidia kujaza takwimu.

Jumanne ile alilazwa Levina wa Ipuli, aliyekuwa amepitisha siku zake za kujifungua. Daktari akaagiza aanzishiwe uchungu kwa dawa ya kunywa. Zamda aliyeyusha kidonge kwenye maji, akawa anampimia kiasi kidogo kila baada ya saa mbili, akitanguliza kusikiliza moyo wa mtoto. Alimwonya Levina, pamoja na mama mkwe wake, Advera, kwamba asinywe dawa nyingine yoyote, kwani mfuko wa uzazi ukisukumwa kupita kiasi huweza kupasuka. Advera aliitikia kwa kichwa, akaionja chai yake mbele yetu bila kinyongo.

Baada ya dozi ya pili uchungu ulikuja kwa fujo, bila kupumzika, na mapigo ya mtoto yakashuka. Zamda alimwinamia mgonjwa, akanusa pumzi yake, uso ukamkunjamana. Levina alitazama chini ya kitanda. Huko, ndani ya kanga, kulikuwa na chupa nyingine.

Tulipoifungua nilirudi nyuma hatua mbili. Yalikuwa maji ya mizizi, ya kijani, yanayovutika kama kamasi, yakinuka kama maji yaliyooshewa dagaa juzi. Nzi wawili walielea juu.

"Mwanangu, hii ndiyo iliyonizalisha watoto saba," alisema Advera. "Hiyo yenu inachelewa."

Zamda alimimina kikombe, akampa. "Onja basi, mama, utoe sumu."

Advera alifunika pua kwa kanga. "Mimi sina mimba."

"Ila pua unayo."

Kinyaa cha majimaji yale kiliniisha mapema. Cha ile kanga puani hakijaniisha: alimnywesha mkwewe kitu asichoweza hata kukinusa.

Zamda alisimamisha dawa, akamlaza Levina ubavu wa kushoto, akamtundikia dripu, akamwita daktari. Chumba cha upasuaji kikaandaliwa. Taratibu uchungu ulianza kuachia nafasi, na mapigo ya mtoto yakapanda. Alasiri daktari alipima, akasema njia imefunguka yote; atazaa mwenyewe.

Sasa pazia limevutwa. Tunamsikia Zamda akisema, "Sukuma, mama, kichwa nakiona." Advera amesimama mlangoni, kanga mkononi. Kalamu yangu iko juu ya daftari, kwenye nafasi ya saa ya kuzaliwa. Tunasubiri kilio.