Mchimbaji Anashuka Ziwani

Asubuhi, ziwa dogo la mlimani likiwa bado linafuka ukungu, Limi alimkuta tena yule mchimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa. Kama kawaida yake alijipangusa vumbi la mawe, akagusa maji, akapaza ile sauti yake ya kukwaruza: "Nashuka!" Ndivyo wanavyoaga mashimoni, na hashuki mtu mpaka wa juu aitikie. Siku zote alijibiwa na mwangwi tu. Leo Limi alijikuta amesema, "Shuka, baba!" Mikono ile yenye sugu za sururu ikayafungua maji bila kishindo, na milima iliyolala humo ikapasuka, ikaungana tena nyuma yake. Limi alisahau hata kufumba mdomo. Ndoo aliyokuja kuchotea maji ilijaa zamani, lakini aliyeitikia haondoki mpaka mwenzake apande. Akaketi.