Read ya Leo na Read ya Jana

Citoyen Kitenge alitufundisha Kiingereza pale Kindu, miaka ile majina ya ubatizo yalipopigwa marufuku, kila mtu mzima akaitwa Citoyen, yaani raia, na yeye, Anaclet, akabaki Kitenge tu. Nyumbani kwake, mtaa wa Mikelenge, aliishi peke yake. Mkewe alishaondoka zamani kwenda Ndola, Zambia, na binti yao Claire, mtoto wa miaka miwili. Claire akakulia huko bila Kiswahili, kwa hiyo baba alimwandikia kwa Kiingereza kila mwezi. Alianza mtoto hata kusoma hajui. Miaka kumi na minne hakujibiwa.

Darasani alikuwa mkali kama pilipili, hasa kwa vitenzi vya wakati uliopita. Kwake ile ilikuwa mitego mitupu: ate, yaani alikula, hutamkwa sawa na eight, nane. Katika imla mwenzetu Sikuli akaandika, "I eight rice."

"Sikuli, ulikula sahani nane? Tumbo lako njo gunia?" aliuliza, kwa njo yetu ya Kindu, yaani ndiyo.

Tukacheka mpaka machozi. Yeye hakucheka, alimpa sifuri. Kosa lilikuwa kosa, hata ungekuwa mtoto wa kamishna.

Siku moja akaja na bahasha yenye stempu ya Zambia. Akaandika ubaoni sentensi moja, akatuambia ndiyo yote aliyoandika Claire: "Father, I read your letters."

Basi. Read ya leo na read ya jana huandikwa kwa herufi zile zile. Ukitamka rid, anazisoma barua zako hadi sasa. Ukitamka red, kama ile rangi nyekundu, alizisoma, yamekwisha. Karatasi haina sauti, na mwalimu wetu, bingwa wa kusahihisha, hakujua mwanawe amemwambia nini.

Akatuita mmoja mmoja tusome. Msichana wa dawati la mbele akasema rid, akapata kumi juu ya kumi. Mimi, kwa kiherehere changu, nikasema red.

"Sifuri."

"Lakini Citoyen, zote mbili iko sawa! Weye mwenyewe njo ulitufundisha."

"Najua, mutoto." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Najua. Soma tena."

Haki ilikuwa yangu, na mimi si mtu wa kuachia haki. Lakini nilimtazama usoni nikamwonea huruma. Nikasoma rid.

"Njo vile," akasema. "Anasoma."

Kisha akataka darasa zima tuirudie kwa sauti. Tukairudia, watu arobaini, rid, rid, rid, mpaka kengele ikalia, na hakuna aliyecheka.