Nilivyowapanga wanafunzi kwa mikono ili nimdanganye mkaguzi, na neno "take" likanitoa jasho

Habari za muda huu wakuu wote, mnaochangia na mnaosoma kimya kimya kama nilivyokuwa mimi.

Leo acha na mimi nitoe la kwangu. Limenitokea mwenyewe, mwaka huu huu, sijaongeza chumvi. Jina la mtoto tu ndo nimebadilisha. Atakayesema hii ni chai, sawa, ila mimi iliniunguza.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea. Nyumbani ni Misunkumilo, hapo Mpanda, ila nafundisha shule moja ya msingi huku kata ya Kasekese. Vyeti ninavyo vyote, ajira sina. Huu mwaka wa tatu naomba, jina halitoki. Walio kwenye foleni hii wananielewa.

Somo langu ni Kingereza. Na nikiri kabisa, kwenye Kingereza nina majivuno. Pale stafu nikiongea wenzangu wanacheka wanasema "haya mzungu wa Misunkumilo ameanza". Nilikuwa nafurahi.

Sasa picha linaanza Jumatatu moja.

Mwalimu mkuu ananiita ofisini. Ananiambia Alhamisi wanakuja kutukagua, na somo litakaloangaliwa ni Kingereza darasa la tano. Yaani mimi. (Siku hizi wana jina lao jipya refu, ila huku kwetu bado tunawaita wakaguzi.)

Akaniambia hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Kijana wangu, ripoti ikiwa nzuri nakuandikia barua ya kukupendekeza, uambatanishe kwenye maombi yako. Ikiwa mbaya sitakuwa na mdomo wa kukutetea. Kuna mwenzako yuko Usevya kila wiki ananipigia, anaitaka hii nafasi."

Wakuu, nilitoka pale namuwaza mama. Mama yangu ameshatangaza mtaa mzima kwamba mwanae ni mwalimu. Narudije nyumbani na begi?

Nikasema hapa lazima nifanye kitu cha kumshangaza huyo mgeni. Mada niliyochagua ni neno moja tu: take.

Kwa ambao hamjawahi kulitafakari, take ni neno dogo lakini limeingia kila mahali. Take medicine ni kunywa dawa. Take a bus ni kupanda basi. Take a photo ni kupiga picha. Ndege ikiruka ni take off, na shati ukilivua ni take off hiyo hiyo. Take care ni jitunze. Take your time ni usiwe na haraka. Mtoto akifanana na mama yake, he takes after his mother. Safari ikichukua masaa mawili, it takes two hours.

Niliandika matumizi kumi na mbili ubaoni, wakanakili, tukaimba. Jumanne nzima tukaimba, Jumatano tukaimba. Ukipita nje unasema hawa watoto wamezaliwa London.

Ukweli niliujua. Walikuwa wanaimba tu. Ukimtoa mtoto kwenye wimbo ukamwambia nipe sentensi yako mwenyewe, anakutazama kama umemuuliza njia ya kwenda Marekani. Darasa lina watoto sabini na kitu, wanaoelewa hawafiki kumi. Nusu Kiswahili chenyewe wamekikuta shule. Nyumbani ni Kisukuma, Kibende, Kirundi.

Ndo nikafanya ule ujanja. Walimu mliomo humu msijifanye hamuujui.

Jumatano mchana nikawaambia: kesho mgeni akija, kila nikiuliza swali wote mnyooshe mkono. Wote. Ila anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia tu. Mgeni ataona darasa zima linajua.

Tukafanya mazoezi mara nne. Safi kabisa. Nikalala nimeshaiona barua.

Alhamisi mkaguzi akaingia kipindi cha tatu. Mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani, kiatu cha chini kimejaa vumbi jekundu la barabarani. Watoto wakasimama, "Good morning madaaam". Akaitikia, akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa, katikati ya watoto. Akafungua daftari.

Nikaanza. Naomba niseme, nilikuwa moto. Nauliza, mikono sabini juu. Nachagua wa kulia, jibu linatoka. Nauliza tena, mikono sabini, jibu. Mwalimu mkuu amesimama mlangoni anatikisa kichwa kwa raha. Yule mama anaandika, anaandika. Nikamwona hata ametabasamu kidogo.

Dakika ishirini zikapita hivyo. Nikajua nimeshavuka.

Yule mama akasimama. "Mwalimu, nisaidie chaki. Na mimi niwaulize kidogo."

Nilimpa chaki. Nikajituliza, nikasema hata akichagua yeye, nitamwonyesha kiaina aliyenyoosha wa kulia, nitasema "ebu tumsikie yule". Akaja mbele, mimi nikasogea pembeni karibu na dirisha.

Akauliza kwa upole kabisa: "Nani atanipa sentensi yake mwenyewe yenye take? Isiwe ya ubaoni."

Mikono ikapanda. Nikaanza kutafuta ya kulia.

Yote ya kulia.

Sikuelewa. Nikaangalia tena. Hata yule kijana wa dawati la mbele ambaye take anaiandika "teki", mkono wa kulia juu, umenyooka kabisa.

Akachagua mmoja. Mtoto akasimama, akaishia kwenye "I take". Akachagua wa pili. Naye anaangalia chini. Wa tatu akajaribu wimbo, "take care ni jitunze", madam akamwambia hiyo ipo ubaoni mwanangu, kaa. Kule mlangoni mwalimu mkuu hatikisi kichwa tena.

Jasho linanitoka hadi kwenye kola. Natamani kengele igongwe. Natamani hata ng'ombe wa jirani waingie darasani, maana huwa wanakuja.

Halafu akamwona Esperansi.

Esperansi anakaa karibu na ukuta, ni mtoto mpole sana, haongei. Kwenye mikono yote ile, wake peke yake, ambao hata mimi sikuuona, ulikuwa wa kushoto.

Madam akamuuliza, "Wewe binti, mbona wenzako wote wamenyoosha kulia na wewe kushoto?"

Nilimkazia macho yule mtoto. Naona aibu kuandika hili, ila nilimkazia macho kabisa, yale ya ole wako. Hakuniangalia.

Akasimama. "Kwa sababu sijui, madam. Mwalimu alisema anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto."

 Nasikia bati linavyolia juu kwa jua.

Madam akavaa miwani. "Kwa hiyo hawa wengine wote wanajua?"

"Hapana, madam. Wao wamekuheshimu."

Hapo ndo nikaelewa, wakuu, na nikajiona mjinga wa mwisho. Huku kwetu mtoto hamnyooshei mtu mzima mkono wa kushoto. Awe Msukuma, awe Mbende, awe Mrundi, ukimpa mkubwa kitu kwa kushoto unachapwa kabla hajakipokea. Mimi wamenizoea, kijana wa kujitolea, tunacheza nao mpira, kwangu haikuwa shida. Lakini aliposimama mbele bibi mzima, mgeni, watoto wa watu walirudi kwenye malezi ya mama zao. Mimi ndo nimekulia humu humu na sikuliwaza hilo hata sekunde moja.

Nilisubiri kutolewa nje. Kweli kabisa, nilishaanza kuwaza nitamwambia nini mama.

Madam hakunigeukia mimi. Aliwageukia watoto.

"Leo nawaruhusu. Sitakasirika na sitamwambia mzazi. Asiyejua aninyooshee wa kushoto."

Ukapanda mmoja kwa woga. Wa pili. Halafu ikapanda yote, darasa zima la kushoto, na wengine wanacheka kwa kuona wamefanya kosa wameruhusiwa.

Akanirudishia chaki. "Mwalimu, darasa lako ndo hili. Una dakika kumi na tano. Wafundishe." Akarudi kukaa kule nyuma.

 Lesson plan yangu yote ilikuwa ni wimbo, na wimbo umekufa. Nikasimama nikiwaangalia. Mwisho nikamuuliza Esperansi, maana sikuwa na pa kuanzia, ni nini hasa huelewi?

Akafikiri. Akasema haelewi kwa nini neno moja linywe dawa, lipande basi, livue shati. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hata Kiswahili kilimtesa hivyo hivyo. Kwao wanaongea Kirundi. Alipoanza darasa la kwanza mwalimu alisema "pigeni mstari", akaogopa, akajua kuna mtu anachapwa. Wakati mtaani alikuwa ameshasikia kupiga simu, kupiga pasi, kupiga mswaki, na hakuna anayeumia.

Nikamuuliza, sasa ulielewaje?

"Niliacha kuliangalia lile neno peke yake. Nikawa nasikiliza linalofuata."

Wakuu, miaka mitatu ya chuo na hii mitatu ya kujitolea, sijawahi kuieleza take vizuri hivyo.

Nikafuta ubao wote. Nikaandika piga, nikawaambia semeni. Piga deki! Piga hodi! Piga chafya! Piga goti! Darasa likawaka. Halafu nikaandika take pembeni, nikawaambia nayo ni ya hivyo hivyo, usiiangalie peke yake, angalia imeshikana na nani. Yule kijana wa "teki" akasimama bila kuchaguliwa akasema, "I take cow to water." Ina makosa, najua. Lakini ni ya kwake, na ng'ombe ni wa baba yake.

Kengele ikagongwa tukiwa katikati.

Ofisini madam alinisomea alichoandika, mbele ya mwalimu mkuu. Kwamba mwalimu aliandaa darasa ili kumdanganya mgeni. Kwamba dakika kumi na tano za mwisho alifundisha. Mkuu akamgusia ile barua yangu, naye akafunga daftari akamwambia, "Huyu usimwondoe. Ila hiyo barua msubirishe kwanza."

Na mkuu amenisubirisha kweli. Barua sijapewa mpaka leo. Iliniuma na bado inaniuma, sitawadanganya. Ila niko darasani.

Siku iliyofuata niliwaomba radhi watoto, na Esperansi nikamwomba radhi peke yake kwa yale macho. Akasema "haya, mwalimu", akakimbilia kuruka kamba.

Mikono bado tunaitumia. Ila sasa naanza na wa kushoto. Ukininyooshea wa kushoto darasani kwangu si utovu wa adabu, unaniambia kazi yangu iko wapi. Nilichojifunza ni hicho tu: nilikuwa naficha watoto wasiojua, na hao ndo nilioajiriwa, samahani, ndo ninaojitolea kwa ajili yao.

Wiki iliyopita nimeuliza swali, Esperansi akanyoosha wa kulia. Sikumchagua mara moja. Niliuangalia kwanza ule mkono.

Walimu wa humu, na nyie mliowahi kunyooshwa mikono ya uongo mkiwa shule, uwanja ni wenu. Matusi pia nayapokea, nimeyastahili.